Kutoka Kamio ya Kampuni hadi Kamio ya Kuku

Juma hili amekuja mwingine tena. Kijana mzuri, shofele wa kampuni, nguo zake zina mafuta kama inavyotakiwa. Akakaa kwenye kiti changu bila kuuliza, akasema, "Tata Banza, banasema weye uliacha kampuni zamani za Babeleji. Minyi nako niache, ao nibakie?" Nikamwambia aanze kwa kuacha kiti changu. Akacheka, akahama, na mimi nikamsimulia haya ninayowaandikia ninyi wengine, msije mkaja mmoja mmoja kunimalizia chai.

Sitawaambia mwache. Sitawaambia mbaki. Ninachosema ni kwamba mimi niliacha, na kama ningerudishiwa ujana ningeacha mapema zaidi. Wako watu hapa Kamina wanaosema Banza alikuwa na kiburi. Wanasema kweli. Nilikuwa nacho, ninacho bado, na yeyote anayetaka kuniondolea aje na chakula cha siku nyingi.

Kwanza mjue mimi ni shofele, si mtu wa kushika volanti, yaani usukani, tu. Siku hizi mnageuza ufunguo, moteri inawaka, mnajiita mashofele. Sisi tuliwasha kwa manivela, chuma kile cha kuzungusha kwa mbele, na chuma hicho kilikuwa na hasira. Moteri ikirudisha nyuma ghafla, inakuvunja mkono. Kwa hiyo kidole gumba hakizunguki chuma, kinakaa upande mmoja na wenzake, ili mkono uweze kuachia. Hapa mjini wako wazee ambao mikono yao imepinda. Waulizeni gumba lilikuwa wapi.

Aliyenifundisha ni Tutu Kasongo. Kwa Kiluba tutu ni kaka mkubwa, ingawa yeye hakuwa ndugu yangu wa damu, alikuwa shofele mkuu wa kampuni yetu. Ilikuwa wakati wa vita ya Wazungu, esansi, ile petroli, haionekani, na kamio zetu, malori yale, zilitembea kwa makaa. Ndiyo, makaa. Nyuma ya kabini lilisimama pipa kubwa la chuma. Unalijaza makaa, unawasha, unangoja, na moshi wake ndio unaoendesha moteri. Tutu alifungua kitundu kidogo, akawasha ule moshi kwa kiberiti na kuutazama. "Usiangalie saa," alikuwa anasema. "Angalia moto. Kama iko mwekundu, ngoja. Kama iko buluu, panda."

Siku moja nilijaza makaa yaliyonyeshewa. Kwenye mlima wa kwanza kamio ikakohoa, ikakohoa tena, ikasimama kabisa. Wakapita akina mama waliotoka shamba, vikapu vya muhogo kichwani, wakatukuta, wakatupita, na mmoja akageuka na kuuliza kwa upole kama tunataka watusaidie kuibeba. Tutu hakunigombeza. Alinikataza tu kunawa uso mpaka tufike kambi ya kampuni, na kambi nzima ikaniona nikiwa mweusi mara mbili.

Ndivyo alivyofundisha. Ukitaka kujua kama gurudumu linapata moto, gusa kwa mgongo wa mkono, maana kiganja ukikiunguza utashika volanti na nini? Tanki likivuja, paka sabuni ya mche, ile ngumu, mpaka ufike. Kwenye mchanga wa barabara ya Kabongo toa upepo kidogo kwenye tairi, songa polepole, na usisimame hata akikuita askofu. Tairi likipasuka na huna lingine, lijaze majani mabichi, uyapige mpaka yakaze kama godoro la mtu tajiri. Nimewahi kufika stesheni na tairi la majani, na mbuzi wa mkuu wa stesheni akaanza kulila kabla sijashuka.

Kampuni yetu ilikuwa inanunua mahindi na pamba vijijini na kuvileta kwenye treni hapa Kamina. Mkubwa wake, Mzungu, tulimwita Bwana Sasa-hivi, maana neno lake lilikuwa hilo tu. Nisiwadanganye, tulikuwa tunatunzwa. Nyumba ya matofali kambini. Kila Jumamosi posho: unga, maharagwe, samaki wa chumvi, mawese. Mtoto akiwa na homa, dispansari iko pale pale. Mke wangu Numbi alizaa watoto wanne katika nyumba ile. Anayewaambia kwamba kuacha vitu hivyo ni rahisi, huyo hana watoto.

Basi macho ya Tutu Kasongo yakaanza kufa. Alianza kwa kuniuliza kile kitu kule mbele ni mbuzi ao ni mtu. Halafu siku moja, kwenye daraja la miti, gurudumu lake la nyuma likatoka nje, kamio ikabaki imeinama, gunia moja likaanguka mtoni. Hakuna aliyeumia. Daktari akamtazama macho, akasema basi, huyu asishike volanti tena. Jumamosi iliyofuata, baada ya posho, Bwana Sasa-hivi akatukusanya wote mbele ya depo. Akamsifu Kasongo sana, mtumishi mwaminifu, mfano kwa wengine. Kisha wakaleta zawadi ya kampuni, imefunikwa kitambaa.

Ilikuwa baiskeli.

Mpya, nyeusi, inang'aa, na kengele yake. Mtu ameachishwa kazi kwa sababu haoni, wakampa baiskeli. Nilimtazama Bwana usoni nikitafuta mzaha, sikuuona. Hapo ndipo nilipochomwa, vijana. Hawakuwa wanamtania. Walikuwa wamefurahi kweli, walikuwa wametafuta zawadi kubwa, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemfikiria mtu atakayeipokea. Tutu akavua kofia, akasema, "Merci mingi, Bwana," akaishika baiskeli kwa mikono miwili na kuisukuma mpaka nyumbani, sisi tukimwambia kata huku, kata kule. Na ile nyumba ilikuwa yake mpaka mwisho wa mwezi tu, maana ilikuwa nyumba ya kampuni.

Jioni nilikwenda kwake, nimejaa hasira.

"Tutu, bamekuchezea."

"Hapana. Bamenipa kintu."

"Minyi nitaacha hii kazi. Nitatafuta kamio yangu mwenyewe."

Nilidhani atafurahi. Akakasirika mpaka akasimama. "Weye iko na wazimu? Mutoto akigonjwa, utamupeleka ku nani? Kamio ikikufa mu pori, nani atakuya kukuvuta? Minyi macho imekufa, lakini batoto bangu bote balikula, bakasoma. Nani alibalisha? Si kampuni?"

Hata leo siwezi kusema alikosea. Maneno yake ndiyo mnayoambiwa ninyi na mama zenu, na ni maneno ya mtu mwenye akili. Lakini nilirudi nyumbani nikiiona ile baiskeli imeegemea ukuta wake, na nikajua kwamba mimi sitangoja zawadi yangu.

Siku zile Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, walikuwa wameanza kukubali mtu mweusi afanye biashara yake. Na upande wa Kaniama kulikuwa na Mgreki mwenye duka, Bwana Yani, aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Nyuma ya duka lake ilikaa kamio ya zamani, majani yameota mpaka kwenye milango, na kuku wake walikuwa wanataga ndani ya kabini. Nikawaomba kuku ruhusa, nikafungua kifuniko, nikatia manivela. Nilidhani imeshikana. Ikazunguka, nzito nzito, inavuta pumzi vizuri. Ah! Moyo wangu ulipiga kuliko siku ya harusi, na Numbi anisamehe.

Bwana Yani alitaka mbuzi wetu wote, na cherehani ya Numbi, kwa sababu mke wake alikuwa ameipenda. Nikamweleza Numbi jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasonga bukari, ugali wetu.

"Weye utalala mu kamio," akasema. "Minyi na batoto bane tutalala wapi? Mu tanki?"

"Nitajenga."

"Lini?"

"Kisha."

"Kisha haina mulango. Nyumba kwanza. Nikiona nyumba, utabeba cherehani."

Kwa hiyo tukaanza kufyatua matofali. Mzee wa mtaa alitupa kiwanja nje ya kambi, na kila Jumapili baada ya misa tulikwenda familia nzima kukanyaga udongo, tukiwa bado na nguo za kanisani. Tulificha, lakini ukuta haufichiki. Kapita, msimamizi wa kampuni, mtu aliyekuwa na masikio marefu kuliko kazi yake, akaona, akapeleka habari, ya ukuta na ya kamio.

Bwana Sasa-hivi akaniita. Alikuwa anasema Kiswahili cha Wazungu wa wakati ule, kile cha kumfanya mtu mzima aonekane mtoto.

"Banza, weye nafanya matofali?"

"Ndiyo, Bwana."

"Sababu gani? Nyumba ya kampuni iko muzuri."

"Iko muzuri, Bwana. Haiko yangu."

"Weye nataka kamio ya Mugreki."

"Ndiyo, Bwana."

Akacheka, akamgeukia karani wake ili naye acheke. "Muntu mweusi hapana weza chunga kamio. Mwezi moja, imekufa."

"Bwana," nikasema, "na ile kamio yako, nani anaichunga?"

Karani akaacha kucheka. Ninyi mnasoma mnaona ni maneno madogo. Wakati ule watu walilala gerezani kwa chini ya hayo. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na sikuyaita yarudi. Bwana akawa mwekundu, kisha akatulia, na utulivu wake ndio ulioniogopesha.

"Kesho asubuhi weye nachagua," akasema. "Ao kamio yangu, ao kuku ya Mugreki."

Nikaenda nyumbani. Sikuwa na nyumba, mnaelewa? Nilikuwa na kuta bila paa, na mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nikamwambia Numbi yote. Nilitaka, nasema wazi, aniambie nirudi kuomba msamaha. Ningekwenda, halafu ningemlaumu yeye maisha yangu yote.

Akauliza, "Kuta zimefika wapi?"

"Ku kifua."

"Kifua yangu ao yako?"

Numbi ni mfupi. Nikafikiri vizuri. "Yako."

"Basi tutafunika na turubai ya ile kamio ya Mugreki," akasema, akaanza kufungua kamba za kitanda.

Asubuhi nikaiosha kamio ya kampuni, nikaangalia mafuta, maji, upepo, nikaiegesha mahali pake. Sikutaka mtu aseme Banza aliacha chombo kichafu. Nikampa karani manivela. Nikatoka kwa miguu kwenye lango ambalo nilikuwa nimezoea kulipita nikipiga honi, na mlinzi, ambaye tulikula naye miaka mingi, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Hakuwa na viatu.

Nikampelekea Bwana Yani mbuzi na cherehani, na kamio ya kuku ikawaka siku ya tatu, baada ya kutoa viota na nyoka mmoja. Kuku mmoja alikataa kuhama. Nilimtoa, akarudi, nilimtoa, akarudi, mwishowe nikamwacha na kiti chake. Mpango wangu ulikuwa rahisi: mkulima anapakia mahindi kwangu, namleta mwenyewe Kamina akauze anapotaka, na mimi nachukua sehemu ya magunia kama nauli. Lakini kapita alikuwa amenitangulia vijijini. Kila mahali alisema neno moja: atakayepakia kwenye kamio ya Banza, kampuni haitanunua kwake tena, mahindi wala pamba.

Watu wakaogopa, na siwalaumu. Nilifika, nikapiga honi, wakatoka, wakanisalimu kwa heshima, wakanipa maji, wakanipa hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, gunia hapana. Nilirudi mtupu, nikaenda, nikarudi mtupu. Kamio za kampuni zilinipita zimejaa mpaka juu, wenzangu wa zamani wananipungia mkono bila kunitazama. Mvua ikaanza. Mtoto wetu wa mwisho akashikwa na homa chini ya turubai. Dispansari ya kambi haikuwa yetu tena, tukambeba mpaka kwa masista wa misioni, na nilipokuwa nimekaa pale nimemshika, nilisikia maneno ya Tutu Kasongo neno kwa neno. Nilimwambia Numbi, nitajaribu safari moja tena, nikirudi mtupu nitakwenda kwa Bwana.

Safari hiyo nilikwenda kijiji cha wakwe zangu, kwenye barabara ya Kabongo. Hapa lazima niwaeleze, maana ninyi wa leo mnakaa na mama wakwe mnatazama mpira pamoja. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimwona njiani, unaingia majani. Hamli pamoja, hamketi pamoja, jina lake hulitaji, na ndiyo sababu hamtalisoma hapa. Ukiwa na neno naye, unamwambia mtu mwingine, hata kama yeye amesimama anasikia. Inakuwa hivyo mpaka siku unampa mbuzi mbele ya wazee, ndipo macho yanafunguliwa. Mimi kila mwaka nilisema mwaka ujao, na sasa mbuzi wangu wote walikuwa kwa Bwana Yani.

Nikasimamisha kamio katikati ya kijiji. Watu wakatoka, wakasimama mbali. Yule kapita naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha chifu, anakula karanga. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke inaamrisha, na wake za shemeji zangu wakatoka nyuma ya nyumba na magunia ya mahindi kichwani, moja, lingine, lingine, wakayapandisha nyuma. Mama mkwe alikuwa anawafuata. Nikafanya alichofunzwa kila mkwe: nikaruka chini upande wa pili nikajificha nyuma ya moteri.

Akaja mpaka kwenye gurudumu la mbele. Akaliambia gurudumu, kwa Kiluba chake cha wazee, "Weye gurudumu, ambia mukwe wangu arudie mu kabini. Shofele akikimbia, nani atatufikisha?" Akafungua mlango. Akapanda. Akakaa mbele, kwenye kiti kilicho karibu na changu, akamsogeza kuku.

Kijiji kizima kilivuta pumzi. Kaka yake mkubwa akaja mbio, fimbo mkononi. "Unafanya nini? Unakaa na mukwe? Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi ataniletea kisha," akajibu, macho mbele. "Mahindi yangu iko inaoza leo. Na ule muntu wa karanga, aende aambie bwana yake minyi njo wa kwanza kupakia. Akatae pamba yangu. Nitashona nguo, nivale mwenyewe."

Nilipanda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Sikumtazama, naye hakunitazama, na kuku alikaa katikati yetu kama shahidi. Kabla sijatia gia nikasikia kishindo nyuma. Gunia. Halafu lingine. Walikuwa wanakuja wengine, kwanza wajane, ambao hawana cha kupoteza, halafu wanaume ambao wake zao walikuwa wakiwatazama vibaya. Kapita aliinuka na kupiga kelele majina ya watu. Kaka yake Mama, yule wa fimbo, ndiye aliyepakia wa mwisho, akinung'unika, akapanda juu ya magunia yake ili, alisema, achunge mila.

Tukaondoka. Mchangani nilitoa upepo, nikasonga, sikusimama. Tulifika stesheni ya Kamina mchana, nimejaa mpaka spring zimelala, na foleni ya kamio za kampuni iko pale, wenzangu wote wameketi kivulini mwa magunia. Waliponiona wakasimama. Walipoona nani amekaa karibu nami, wale wa kwetu walivua kofia.

Bwana Sasa-hivi akatoka ofisini. Akaja mpaka mbele ya kamio, akaweka mkono kwenye moteri, akaitazama mizigo. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari.

"Banza. Nyumba yako hapana na muntu bado. Juma lijalo nakuya kamio mupya, hapana ya esansi, ya mazutu. Mutoto yako nagonjwa, minyi nasikia. Rudi. Minyi nasahau yote."

Nawaambia kweli, nilifikiri. Moteri ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yangu, na nilimfikiria mtoto, nikafikiria paa. Alikuwa ameniwekea mbele yangu vyote nilivyovikosa, na wenzangu walikuwa wananitazama nitajibu nini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jibu lake tumboni.

Mama mkwe hakujua Kiswahili. Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alinitazama machoni, akaniuliza mimi mwenyewe, si gurudumu.

"Anasema nini ule?"

"Anasema nirudi kwake, Mama."

Akamtazama yule Mzungu taratibu, kuanzia buti mpaka kofia.

"Umuambie atoke mbele ya kamio yetu."

Nikamwambia. Nikatia gia ya kwanza, akatoka.